Usitupe Kombeo Lako

Somo: 1 Samweli 17:20–40



Tulipopokelewa Kuluba tuliulizwa majina yetu, vijiji tulivyotoka na idadi ya watu wa nyumba. Yote yaliandikwa. Lakini hakuna karatasi iliyoandika kwamba huyu tangu utoto alipenda kufinyanga udongo, na yule alikuwa akitibu kuku wa bibi yake. Siku zikapita, nasi wenyewe tukasahau. Tukabaki na jina moja tu: wakimbizi.

Tumtazame Daudi. Alipofika vitani, kaka yake Eliabu alimdharau, akamwuliza amemwachia nani kondoo wake wachache. Sauli akamvika mavazi yake ya vita, lakini Daudi hakuweza kwenda nayo, akayavua. Akachukua fimbo, kombeo na mawe matano ya kijitoni. Mungu aliitumia kazi ambayo mkono wake ulikuwa umeizoea machungani.

Tumtazame pia daktari Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste. Akiwa mtoto alifuatana naye kuwaombea wagonjwa, akashangaa kwa nini baba haombi na kutoa dawa pia. Hapo ikazaliwa hamu ya udaktari. Alitaka kutibu watoto, lakini alipofanya kazi Lemera na kuona akina mama wanavyoteseka katika kujifungua, aligeukia kuwatibu wao. Hospitali ya Lemera ilishambuliwa mwaka 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Vita viliharibu mahali pa kazi yake, wala havikuuzima wito wake.

Wapendwa, tuungame. Mara ngapi tumekuwa Eliabu? Mtoto anatengeneza gari la waya, tunamfokea aache michezo akachote maji. Ni kweli, maji lazima yachotwe. Lakini je, tumewahi kulitazama gari lenyewe?

Tena, kukumbuka utoto kunauma. Utoto wetu ulibaki ng'ambo ya mpaka, na wengi waliotufundisha wamezikwa huko. Tulie, si dhambi kulia. Lakini mikono waliyoifundisha tulivuka nayo.

Hatusemi kwamba kila apendaye kuimba atalipwa kwa kuimba. Daudi mwenyewe, hata baada ya kupakwa mafuta, alirudi kuchunga kondoo. Tunasema tu kwamba alichokipanda Mungu kisiachwe kife kwa kudharauliwa.

Basi wiki hii tufanye hivi:

1. Jioni, kila mtu nyumbani aseme alipenda kufanya nini utotoni hadi akasahau njaa. Wazee waanze.

2. Tuchague jambo moja dogo linalowezekana hapa: kushona, kupanda miche, kusuka, kutengeneza baiskeli, kusomea wengine.

3. Mwenye ujuzi amchukue mtoto mmoja, hata asiye wake, amfundishe.

Ee Bwana, uliyetujua kabla hatujaandikwa katika daftari lolote, utukumbushe ulichotuwekea mikononi. Utusamehe tulipowavunja moyo watoto wetu. Katika jina la Yesu. Amina.