Funguo Tatu

Je, tunapolifunga sanduku la sadaka kwa kufuli, tunawaita ndugu zetu wezi?

Niliwahi kuwa mweka hazina wa kigango kimoja. Ufunguo wa sanduku ulikuwa mmoja tu, nami ndiye niliyeushika. Niliona ni heshima. Ikaja mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawakwenda ziwani, sadaka ikapungua. Hakuna aliyenishtaki, ila minong'ono ilianza. Sikuwa nimechukua hata senti moja, lakini ningemwita nani anishuhudie?

Kanisa lilikwisha kulitafakari jambo hili zamani. Mwaka 1199 Papa Inosenti III aliagiza kila kanisa liwekewe sanduku la kupokea sadaka za kuisaidia Nchi Takatifu, nalo lifungwe kwa funguo tatu. Ufunguo mmoja ashike askofu, wa pili padre wa kanisa lile, wa tatu mlei mcha Mungu. Masanduku ya kale yenye makufuli matatu yapo hadi leo katika baadhi ya makanisa ya Uingereza.

Tazameni, hata askofu alipewa ufunguo mmoja tu. Je, alidharauliwa? La. Alilindwa dhidi ya kishawishi, na pia dhidi ya ulimi wa watu. Mtume Paulo naye, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kwamba wengine walishirikiana naye kusimamia mchango, asije mtu akamlaumu.

Mtu atasema upendo huamini yote. Ni kweli. Lakini hapa Wampembe mvuvi hubeba mashine ya boti hadi nyumbani, na jirani yake hanuni. Kufunga kitu si kumhukumu mtu.

Hata hivyo, kufuli halimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Wenye funguo tatu wakipatana kuiba, wataiba. Uaminifu hutoka moyoni. Kufuli huusaidia tu uonekane.

Basi, ndugu yangu, ukiitwa kushuhudia hesabu ya sadaka, usijibu, "Nawaamini, hesabuni tu." Maneno hayo ni mazuri, lakini yanamwacha mwenzako peke yake na ufunguo, kama nilivyoachwa mimi. Njoo, kaa naye mezani, mhesabu pamoja.