Neno la Kweli Lililolipiwa

Dominika moja baada ya Misa mzee mmoja, mvuvi wa hapa Tchomia, alinijia akaniuliza: "Mwalimu, mtu akipewa pesa aseme neno la kweli, naye akalisema, je, ametenda dhambi?" Nikajibu upesi: "Hapana, Baba. Amri ya nane yakataza uwongo, haikatazi kweli." Akashukuru, akaenda zake. Lakini tangu siku ile nimefikiri sana, nami naona nilijibu kwa haraka mno.

Kilichonigeuza ni habari ya California, huko Marekani. Kule raia hupiga kura si juu ya watu tu, bali hata juu ya sheria fulani fulani. Tarehe 5 Juni 2012 waliulizwa kama wakubali kuongeza kodi ya dola 1 juu ya kila pakiti ya sigara, fedha nyingi ziende kuchunguza kansa na magonjwa mengine yaletwayo na tumbako. Mwezi wa Machi, walipoulizwa maoni yao, watu 67 katika kila 100 walisema wataikubali. Ndipo makampuni ya sigara, hasa Philip Morris na R. J. Reynolds, yakafungua mifuko. Upande wa kupinga ulitumia kama dola milioni 47, upande wa kuunga mkono kama milioni 12. Siku ya kura kodi ikashindwa, kwa kura zisizofika 30,000 katika kura zaidi ya milioni 5.

Sasa sikilizeni makampuni yalisema nini. Hayakusema sigara ni njema, nani angesadiki? Katika tangazo moja waliona daktari aliyevaa koti jeupe, akiwaonya kwamba fedha za kodi zaweza kutumika nje ya California. Na kweli, sheria ile haikukataza. Lakini je, makampuni yalitoa mamilioni yale kwa kuwahurumia walipa kodi? Yalijua kwamba bei ikipanda wavutaji hupungua, hasa vijana. Hiyo ndiyo sababu ya kulipa, nayo haikutajwa. Najua, sheria ya kule yaamuru majina ya watoao fedha yaonyeshwe katika tangazo. Lakini jicho la mtu hutazama koti jeupe.

Askari wa kaburini, katika Injili ya Matayo, walilipwa waseme uwongo. Hilo si gumu kuhukumu. Gumu ni hili: kweli ndogo iliyonunuliwa ili isimame mlangoni, kweli kubwa isionekane.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuliza kama wakili aweza kupokea malipo. Akajibu kwamba aweza, kwa kiasi cha haki. Ila anayetetea jambo lisilo la haki, naye ajua, atenda dhambi kubwa. Basi kulipwa si kosa peke yake. Tena wakili tunamjua ni wa nani. Huko Kenya, kanuni za mwaka 2014 zilidai makampuni ya tumbako yatoe 2% ya thamani ya bidhaa zao kila mwaka kwa mfuko wa kuzuia tumbako. British American Tobacco ya Kenya ikaenda mahakamani mwaka 2015, kwa jina lake yenyewe. Ikashindwa, ikakata rufani, mpaka Mahakama ya Juu ilipoikataa rufani yake mwezi wa Novemba 2019. Mimi sikupenda shauri lao, lakini hakimu alijua ni nani asemaye naye ataka nini.

Mtu atasema: na waliotaka kodi, je, hawakulipa? Walilipa, tena mwaka 2016 walitumia kama dola milioni 35 dhidi ya milioni 71, wakashinda kwa kura 64 katika kila 100, na kodi ikaongezwa dola 2. Sisemi wao ni malaika. Lakini walitaka watu wavute kidogo, nao walisema hivyo hivyo. Waliyoyataka moyoni na waliyoyatangaza yalikuwa kitu kimoja.

Wiki iliyopita nilimfuata yule mzee pwani, akishona nyavu. Nikamwambia jibu langu lilikuwa pungufu, nikamwomba anieleze sawasawa. Kumbe ni habari ya uchaguzi wa Desemba 2023. Mtu alimpa pesa awaambie wavuvi kwamba mgombea fulani anakaa Bunia, hajalala hata usiku mmoja ziwani. Ilikuwa kweli.

"Na yule aliyekulipa, Baba, mtu wake anakaa wapi?"

Akanyamaza, akavuta uzi. "Bunia," akasema. "Nyumba zao zatazamana."

Aliniuliza kama yampasa kuzirudisha pesa zile. Nilimshauri aende kwa Padri. Zimekwisha kununua nyuzi, nazo ndizo alizokuwa akishonea.