Mliopewa Jina la Mtumishi, Tumikeni



Luka anatusimulia katika sura ya nne kwamba Yesu aliingia sinagogi la Nazareti siku ya Sabato, akasoma katika gombo la Isaya, akalifunga, akamrudishia mtu aliyekuwa karibu naye, kisha akaketi afundishe. Yule mtu hatajwi jina na wala hasemi neno. Kazi yake ilikuwa kulitoa gombo, kulitunza na kulirudisha mahali pake. Biblia yetu ya Kiswahili inamwita mtumishi. Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611 kwa agizo la Mfalme James inamwita "minister".

Lisikieni vizuri neno hilo, maana ndilo Waingereza wanalomwitia waziri anayepita barabarani na bendera kwenye gari. Ndilo wanalomwitia mchungaji anayepanda mimbarani.  Sisi tumewagawa: huyu ni waziri, huyu ni mchungaji au padre, na yule mshika gombo wa Nazareti tumemwachia utumishi peke yake. Leo nawasihi tuwarudishe wote watatu mahali pamoja, kwa sababu mbele za Mungu wanadaiwa kitu kimoja.

Warumi wa kale walikuwa na maneno mawili yaliyotazamana. "Magister" alikuwa mkubwa, mwenye kuamuru na kufundisha. "Minister" alikuwa mdogo, mwenye kutumwa, anayezunguka mezani kuwamiminia wengine divai. La kwanza lina asili katika neno la kuzidi, la pili katika neno la kupungua. Neno la aliyepungua ndilo lililopita katika Kifaransa likaingia Kiingereza, yapata miaka mia saba iliyopita. Kanisa likalichukua kwa wahudumu wake wa madhabahu, na ikulu ikalichukua kwa watumishi wa mfalme. Miaka ikapita, watumishi wa mfalme wakashika madaraka ya mfalme mwenyewe, na jina la udogo likavaa kanzu ya ukubwa. Robert Walpole, aliyeiongoza serikali ya Uingereza kuanzia mwaka 1721, ndiye anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa nchi ile. Lakini enzi zake cheo hicho kilikuwa tusi la wapinzani, na yeye mwenyewe alikikana.

Sasa tazameni ni akina nani wanaoifanya kazi hii katika Injili. Malaika wanaifanya kule jangwani, baada ya Ibilisi kumwacha Yesu. Mkwewe Petro anaifanya: homa imemtoka hivi punde, anainuka kitandani, anahudumia. Yoana mke wa Kuza, Susana na Maria Magdalene wanaifanya kwa mali zao wenyewe, wakifuatana na Bwana kijiji kwa kijiji. Katika mistari hiyo yote Biblia ile ya 1611 inatumia neno hilohilo. Jamani, mama mkwe aliyetoka kuugua na malaika wa mbinguni wamepewa kazi moja! Wakati huohuo wana wa Zebedayo walikuwa wakiomba viti, mmoja kulia na mmoja kushoto. Bwana akawakusanya wote kumi na wawili akawaambia wazi kwamba kwa mataifa wakubwa huwakandamiza watu, lakini kwao isiwe hivyo, kwa sababu hata yeye hakuja kuhudumiwa.

Paulo naye alijiita mtumishi, yeye pamoja na Apolo. Alimwita hivyo Fibi, dada wa kanisa la Kenkrea. Tena, katika waraka uleule kwa Warumi unaomtaja Fibi, akafanya jambo linalonitetemesha kila ninapolisoma: aliwaita hivyo watawala. Aliyaandika hayo Nero akiwa kwenye kiti cha enzi. Mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yako, ndivyo alivyofundisha. Wako wanaoushika mstari huo ili kuwanyamazisha raia. Mimi nausoma kama hati ya mashtaka. Ukiwa mtumishi wa Mungu kwa mema ya watu, na watu wakapata mabaya mkononi mwako, basi umeiba cheo cha mwingine.

Nani alilipa gharama ya neno hili? Twendeni Uganda.

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, karibu na Kitgum, katika nchi ya Waacholi. Alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka 1948 uamsho wa Afrika Mashariki ulimfikia, akaokoka, na hatimaye akaingia kwenye huduma. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Wakati huo Idi Amin alikuwa ameishika nchi tangu Januari 1971, na watu walikuwa wakitoweka. Mke anaamka, mume hayupo. Wanawake hao walikwenda kwa askofu wao, naye alikwenda kubisha hodi ofisini kwa wenye mamlaka kuwaulizia waume zao. Wako waliomlaumu kwamba yu karibu mno na serikali. Lakini mchungaji asiyethubutu kuingia lango la mwenye upanga atamwombea nani aachiwe?

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari waliivamia nyumba yake kule Namirembe, wakidai wanatafuta silaha. Maaskofu wakakaa, wakaandika barua ya kumpinga Amin kwa majina yao wenyewe. Tarehe 16 Februari wakaitwa Kampala, kwenye hoteli ya Nile, wakasimamishwa mbele ya umati wa askari na kusomewa mashtaka ya njama. Wenzake wakaambiwa waende zao. Yeye akabakizwa.

Siku hiyohiyo walikamatwa mawaziri wawili wa serikali, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Watu hawa walikuwa wamekaa katika baraza la Amin miaka kadhaa, na sitawapamba wala kuwahukumu. Hesabu yao iko kwa Mungu. Ila naomba mtazame walivyokufa. Askofu mkuu na mawaziri wawili waliuawa pamoja, na kwa Kiingereza wote watatu wana jina moja. Serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Waliouona mwili wa Luwum walikuta matundu ya risasi. Mwili ukapelekwa kuzikwa Mucwini, mbali na macho ya Kampala, na Jumapili iliyofuata maelfu wakapanda kilima cha Namirembe hata hivyo, wakamwimbia Mungu penye kaburi lililochimbwa lisipate wa kulazwa. Leo sanamu yake iko juu ya mlango wa Westminster Abbey, London, pamoja na mashahidi wengine wa karne ya 20, na Uganda inapumzika kazi kila tarehe 16 Februari kwa heshima yake.

Mwaka huohuo wa 1977, upande wetu wa mpaka, hapa Tanzania, waziri mwingine alipimwa kwa namna nyingine. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, hakumpiga mtu. Alijiuzulu, kwa kuwa wizara ilikuwa yake na waliokufa walikuwa watu wa nchi yake. Mzee Mwinyi alikuwa Mwislamu, na nayasema haya mbele ya Wakristo bila kuona haya, maana tendo lake linatuhukumu. Wanazuoni wa Kiarabu hulihusisha neno waziri na mzigo, na katika Qurani Nabii Musa anamwomba Mungu ampe waziri, nduguye Haruni. Kitabu cha Kutoka nacho kinasema Musa alipanda mlimani na Yoshua mtumishi wake. Vitabu viwili, na msaidizi wa Musa katika vyote viwili ni mtu wa kubeba.

Basi niwageukie ninyi mliobeba jina hili leo. Ndugu mchungaji, ni lini uliingia wodini bila mpiga picha? Ni mjane gani anayeweza kukugongea saa nne usiku bila kupitia kwa katibu wako? Kama amevunjiwa ukuta, amenyang'anywa shamba na mashemeji, amefukuzwa na watoto wake, uko wapi? Usinijibu kwa ratiba ya semina. Mheshimiwa waziri, wewe uliyeshika kitabu kitakatifu ukaapa, dawa zinapokosekana zahanati, karani akidai chochote ili aandike cheti cha kifo, hayo ni yako. Usiseme hukuwapo.

Nasi tunaokaa kwenye mabenchi tusijifiche. Nani aliwafundisha viongozi wetu kuhudumiwa? Ni sisi. Tumewabebea mikoba na Biblia kama vile wamevunjika mikono. Tumewatengea viti vyenye vitambaa, tumewapa kidari cha kuku huku watoto wakigawana miguu, tumewainua wakaota kwamba jina lao ni la juu. Mtu akiambiwa kila Jumapili kwamba yeye ni mkubwa, ni muujiza gani utamfanya ainame? Heshima wapeni, ni haki yao. Kuwaabudu acheni.

Wala msidhani kazi hii ni ya wenye kola peke yao. Katika Mathayo 25 wale wa mkono wa kushoto hawaulizwi kama walikuwa na cheo. Wanaulizwa habari za mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa, nao wanajitetea kwamba hawakumwona Bwana. Hawakumwona kwa sababu walikuwa wakimtafuta kwenye viti vya mbele.

Kwa hiyo nawasihi kwa rehema za Mungu: wiki hii, kabla ya ibada ijayo, kila mmoja wenu aende kwa mtu mmoja asiyeweza kumlipa. Mfulie. Mpelekee maji. Msindikize kwenye baraza la ardhi ukae naye mpaka jina lake liitwe. Usilitangaze kanisani. Na wewe mwenye joho, nawe mwenye bendera, tangulieni ninyi kwenda, sisi tutawafuata.