Fungu Lisilo na Mwenyewe

Msimu wa korosho ukifika Masasi na Newala, mabibo hukamuliwa na kuchachushwa yakawa uraka, na uraka ukichemshwa hutonesha gongo. Mpikaji hukaa kutwa kando ya mafiga, kuni zikifuka, akionja kama imekolea. Akiota chini ya ulimi kidonda kisichopona, dalili ya saratani ya kinywa, hukumu humsubiri kanisani na msikitini: amevuna alichopanda. Hukumu hiyo imekosea hesabu. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka pombe kwenye kundi la visababishi vya hakika mwaka 1988. Bakteria wa kinywani huigeuza kuwa asetaldehidi, inayoharibu vinasaba. Nayo pombe yenyewe hulainisha utando wa kinywa, sumu nyingine zikapenya. Ndiyo maana kwa mnywaji anayevuta tumbaku hatari hazijumlishwi tu, huzidishana. Tuseme, kwa mfano tu, pombe inafanya hatari ya mpikaji kuwa mara 2 na moshi wa kuni mara 3. Vikikutana ni mara 6. Ongezeko ni 5: moja la pombe, mawili la moshi. Mawili yaliyobaki ni dhambi ya nani?

Atasema mtu moshi wa kuni si tumbaku. Ni kweli: wakala huohuo unauhesabu kama kisababishi kinachodhaniwa sana, na ushahidi wake ni wa mapafu zaidi kuliko kinywa. Hata hivyo moshi wa kuni una benzopireni ileile iliyomo katika tumbaku, na mlango uliofunguliwa na pombe hauchagui mgeni.

Mwingine ataona namwondolea mnywaji lawama. Sivyo. Akiacha pombe, 6 huwa 3. Akipata jiko lenye dohani linalomwondolea moshi wote, 6 huwa 2. Kila upande unalibeba fungu la pamoja lote, wala hakuna wa kusema lake ni dogo. Uislamu umeharamisha kileo, na Yesu, katika Yohana 9, alikataa kumtafutia kipofu mwenye dhambi. Mambo hayo mawili hayagombani. Linalonisikitisha ni mahubiri yanayolaani gongo na kuunyamazia moshi, kwa sababu aibu yanayoipanda humweka mgonjwa nyumbani na kidonda cha wiki nyingi, ilhali hospitali ya Wabenedikto ipo palepale Ndanda, wilayani Masasi.