Kanisa Lililosukumwa

Hebu fikiria serikali inakuja mtaani kwenu na kusema: chini ya nyumba zenu kuna makaa ya mawe, kwa hivyo karibu mji wote unabomolewa. Ila kuna jengo moja. Hilo litahamishwa likiwa zima.

Ilitokea Most, mji wa kaskazini mwa iliyokuwa Chekoslovakia. (Kwa Kicheki, Most ni "daraja".) Serikali ya kikomunisti iliamua mwaka wa 1964, na tingatinga zikaanza kazi. Kilichoponea ni Kanisa la Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, jengo la Kigothi lililoanza kujengwa 1517, enzi za kati zikielekea ukingoni, baada ya moto kuuteketeza mji. Mwaka wa 1975 lilipandishwa juu ya reli na kusukumwa mita 841, sentimita mbili hivi kwa dakika. Konokono angelipita. Safari ilichukua siku 28.

Kama kazi ya uhandisi, navua kofia. Lakini je, kanisa hilo liliokolewa?

Manake kanisa la mjini si mawe tu. Ni kona mnayokubaliana kukutania, ni kivuli kinachomwangukia muuza mboga saa tisa, ni kengele inayomwambia mtoto arudi nyumbani. Ondoa muuza mboga, ondoa kona, ondoa huyo mtoto, kisha uniambie kengele inamlilia nani. Wakati kanisa linahudumiwa kama mgonjwa mahututi, mji uliolizaa ulikuwa ukilipuliwa, na watengeneza filamu walikuja kuyatumia magofu yake kama uwanja wa vita.

Sitaki kuupamba mji wa kale. Wakazi walipewa nyumba katika Most mpya, na maji moto bombani si kitu cha kubeza. Muulize yeyote anayeishi keja ya kubeba mitungi. Tena wengi wao walikuwa wageni pale. Wajerumani walioishi hapo kwa vizazi walikuwa wamefukuzwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hivyo ukiniambia kanisa linahifadhi kumbukumbu za wenyeji, nitakuuliza: wenyeji gani?

Hapo ndipo najikuta nikilitetea. Watu wa kwanza walifukuzwa, wa pili wakahamishwa, na lile jengo liliwashuhudia wote. Ningekuwepo 1975, ningesema lisukumwe.

Kinachonikera ni jinsi wokovu wa kitu kimoja unavyogeuka kibali cha kuangamiza vingine. Ukishapiga picha ya kanisa likitembea juu ya reli, nani atakuuliza kuhusu mitaa? Unaonekana mtu wa utamaduni, na vumbi halionekani. Sisi wa Nairobi, tunaojua mlio wa tingatinga alfajiri, tusidanganyike na mchoro wenye jengo moja la kale lililozungushiwa maua. Tuulize kwanza ni nini kilichokuwa kando yake, na waliokuwa wakilipa kodi pale wamekwenda wapi.

Makaa yalichimbwa yakaisha, shimo likajazwa maji. Leo ni ziwa, na kanisa limesimama karibu nalo. Majira ya joto watu huogelea pale palipokuwa mji, na nasikia maji ni masafi sana.