TIBA ZA ASILI NI NEEMA YA ALLAH, TUZITUMIE KWA ELIMU

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, ambaye hakuteremsha ugonjwa ila aliuteremshia na dawa yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba wake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu, baba zetu, mama zetu na vijana, ninakuusieni pamoja na kuiusia nafsi yangu kumcha Allah. Na katika kumcha Allah ni kuuchunga mwili aliotupa, kwani mwili ni amana. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mja siku ya Kiyama ataulizwa kuhusu umri wake, elimu yake, mali yake, na mwili wake aliuchakaza katika jambo gani.

Leo tuzungumze jambo lililomo katika kila nyumba hapa Lubumbashi, kuanzia Kamalondo mpaka Ruashi, Katuba mpaka Kampemba: dawa za asili. Asali, habbat-sauda, kuumikwa (hijama), tangawizi, kitunguu saumu, majani ya mpapai, moringa, artemisia. Wako wanaozitumia kwa kupenda Sunna, na wako wanaozitumia kwa sababu mfuko ni mtupu.

Katika jambo hili watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linazidharau dawa hizi na kuziita ushamba. Kundi la pili linasema Muislamu mwenye imani hana haja na munganga wa hospitali, asali na kisomo vinamtosha. Makundi yote mawili yamekosea njia.

Katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kuwa Sahaba Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua, na Mtume (s.a.w.) akaenda kumtazama. Akaweka mkono wake mtukufu juu ya kifua cha Saad, akamwambia kuwa ana maradhi ya moyo, basi aende kwa Al-Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwani huyo ni mtu mwenye kutibu. Na akaagiza Saad atengenezewe tende 7 za Ajwa za Madina, zisagwe pamoja na kokwa zake, anyweshwe.

Tazameni vizuri, ndugu zangu. Aliyekuwa mgonjwa ni Sahaba mkubwa, mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Aliyemtazama ni Mtume wa Allah, ambaye dua yake haina mfano. Juu ya hayo akatumwa kwa tabibu. Na wanazuoni wengi wanasema kuwa Al-Harith huyo hajulikani kuwa alisilimu, lakini alikuwa na ujuzi wa kazi yake. Basi kisa kimoja kimekusanya dua, tende na tabibu, na hakuna kilichomfukuza mwenzake. Hii ndiyo njia yetu.

Tena tuelewe kuwa dawa nyingi tunazoziita za kizungu zimetoka katika miti ya Allah. Kinini inatokana na gome la mti, na mti huo unalimwa hapa hapa nchini kwetu, Kivu, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kinaitengeneza. Dawa ya malaria inayotolewa leo katika vituo vya afya imetokana na mmea wa artemisia. Bibi mmoja wa China, Tu Youyou, alichunguza vitabu vya zamani vya tiba vya watu wake mpaka akaigundua, na mwaka 2015 akapewa zawadi ya Nobel. Lakini kidonge kina kipimo kinachojulikana, na huchanganywa na dawa nyingine ili malaria isirudi. Chai ya majani haina kipimo hicho. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya artemisia itumike kutibu malaria. Anayempa mtoto mwenye malaria chai hiyo peke yake anacheza na roho ya mtoto.

Wengine husema: "Hii ni ya asili, haina madhara." Sisi watu wa Katanga ndio wa mwisho kusema maneno hayo. Uraniamu ya Shinkolobwe ni ya asili, imo katika udongo aliouumba Allah, na nani kati yetu atailamba? Wachimbaji wa zamani walilitafuta shaba kwa kutazama maua yanayoota juu ya udongo wake, kwani mmea hujua udongo wake. Na mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kuwa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti na madini mengine mengi katika mkojo wao. Basi mama, usichume majani ya dawa kando ya lundo la taka za mgodi au mahali panapoangukiwa na vumbi la kiwanda. Osha mboga sana kwa maji safi. Na dada zetu wajawazito, acheni kula udongo unaouzwa sokoni. Unaweza kuwa na madini ya risasi, nayo humfikia mtoto tumboni.

Sasa tuzitaje dawa zenyewe, moja baada ya nyingine.

1. ASALI. Katika Suratun-Nahl Allah ametujulisha kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu. Tunaamini hivyo bila shaka. Inasaidia kikohozi na inasaidia kidonda. Lakini asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, kwani inaweza kuwa na kijidudu ambacho tumbo lake changa haliwezi kukishinda. Na mwenye kisukari ajue kuwa asali nayo ni sukari.

2. HABBAT-SAUDA. Hadithi yake ni sahihi, kuwa ni ponyo ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Wanazuoni wakubwa, miongoni mwao Al-Khattabi, wameeleza kuwa tamko ni la jumla na makusudio yake ni maradhi yanayofaana na tabia ya dawa hiyo. Hawakusema mgonjwa aache kila dawa nyingine.

3. HIJAMA. Ni Sunna. Lakini wembe uwe mpya kwa kila mtu, utupwe baada ya kazi, na mwenye kuumika avae glavu. Wembe mmoja kwa watu wawili unapitisha ukimwi na ugonjwa wa ini. Asiumikwe mama mjamzito wala mtu mwenye upungufu wa damu. Na watoto wetu wenye drepanositozi, wale tunaowaita SS, damu yao haitoshi tangu mwanzo. Kuwachanja ili "damu mbaya itoke" ni kuwaua.

4. MIZIZI YA KUHARAKISHA UZAZI. Hii tunaikataza wazi. Inaweza kukaza tumbo la mama mpaka mfuko wa uzazi ukapasuka.

Ndugu zangu, tuchukue funzo kwa jirani zetu wa Tanzania. Mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 tu. Ilisemekana kinaponyesha kisukari, pumu, kansa na ukimwi. Watu walikwenda kwa maelfu, magari yakapanga foleni ya kilometa nyingi. Wako wagonjwa waliofia katika foleni hiyo, na wako waliorudi nyumbani wakaacha vidonge vyao vya ukimwi. Bei ilikuwa ndogo, na madhara hayakutoka katika bei. Yalitoka katika neno moja: acha dawa nyingine.

Basi enyi mnaouza dawa sokoni na mlangoni mwa misikiti, sikieni. Imepokewa kwa Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah kuwa anayejifanya tabibu bila kujulikana kwa utabibu, yeye ni mdhamini wa atakayoyaharibu. Ukimwambia mwenye presha aache vidonge vyake, akapooza, wewe ni mdhamini. Kuandika Bismillah juu ya chupa hakukuondolei deni hilo.

Ninasema haya, na ninamuomba Allah msamaha kwa ajili yangu na yenu. Muombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Alhamdulillah, wasswalatu wassalaamu alaa Rasulillah.

Ndugu Waislamu, dawa ya kwanza ni kinga, na kinga dini yetu imejaa. Mswaki, udhu, kunawa mikono, kufunika vyombo vya maji na chakula. Tumbo tumeagizwa tuligawe mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Wengi wetu tunalijaza bukari mpaka pumzi inakosa mahali, kisha tunatafuta majani ya kupunguza presha. Punguza chumvi, punguza sukari katika chai, tembea kwa miguu kwenda msikitini. Hiyo ni tiba ya asili isiyouzwa.

Na iko dawa ya nyumbani ambayo kila mama aijue. Mtoto akiharisha, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko kidogo, umnyweshe kidogo kidogo huku ukielekea kituo cha afya. Kipindupindu huua kwa kukausha maji ya mwili.

Mtoto mwenye homa asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea haamki, huyo si wa kungoja kisomo kiishe. Mbebe sasa hivi. Kisomo msomee njiani.

Lakini haifai kumwambia maskini "nenda hospitali", kisha sisi tukaenda zetu kula. Tunajua kwa nini watu wanabaki na majani: wanaogopa fakture. Wako wagonjwa waliopona wakazuiliwa hospitalini mpaka walipe, na wako mama waliojifungua wakazuiliwa na watoto wao wachanga. Fakiri ana fungu katika zaka, na mwenye deni ana fungu. Basi kila mtaa uwe na sanduku lake la wagonjwa, hata franka chache kila Ijumaa, ili siku mtoto wa jirani atakapowaka homa usiku, mama yake asianze kuhesabu pesa kabla ya kufungua mlango. Atakayemwondolea Muislamu dhiki moja ya dunia, Allah atamwondolea dhiki siku ya Kiyama.

Ewe Mola wetu, wewe ndiye Mponyaji, hakuna ponyo ila ponyo yako. Waponye wagonjwa wetu walioko majumbani na walioko hospitalini. Wape waganga wetu ujuzi na huruma. Tupe rizki ya halali na miili yenye nguvu ya kukuabudu. Ilinde Lubumbashi na Kongo yetu yote, utupe amani. Amin.

Aqimi swalat.

(Karatasi hii ina jina la Allah. Ukishaisoma mpe mwenzio, usiitupe chini.)