Cheti Kinashuhudia Nini?

Mtu atathibitishaje kwamba anajua kufanya kazi kwa usalama penye vimelea vinavyoua? Swali hili linatuhusu sisi tunaosomea udaktari, uuguzi na maabara. Siku si nyingi tutaulizwa, na wengi wetu tutajibu kwa kutoa cheti.

Sikidharau cheti. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayejitia kutibu watu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Kwa hiyo haitoshi mtu kujiona anajua. Lazima wengine waweze kumshuhudia. Cheti ni ushahidi wa namna hiyo. Lakini kinashuhudia kwamba ulifundishwa na ukafaulu mtihani. Hakisemi mikono yako hufanya nini usiku wa manane, umechoka, na wagonjwa bado wanaletwa.

Nawafikiria watu wa Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru, mpakani mwa Zambia na Kongo. Kipindupindu si mgeni huko. Mwaka 2023 wilaya hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizopata mlipuko. Penye kambi ya kipindupindu, anayemwaga ndoo za matapishi na kuchanganya klorini mara nyingi si daktari, wala hana cheti cha kuonyesha. Mwulize. Akikwambia kwamba maji ya kunawa mikono ni asilimia 0.05, ya sakafu 0.5, na ya kinyesi na matapishi 2, na kwamba huchanganya upya kila siku kwa kuwa klorini hupungua nguvu, kisha ukamwona akifanya hivyo hivyo, umekwisha kupata ushahidi. Kumwita "mfagizi tu" baada ya hapo ni kumdhulumu.

Na mfagizi ndiye anayelipa makosa yetu. Mwaka 2008 mgonjwa mmoja alisafirishwa kwa ndege kutoka Lusaka hadi Johannesburg, akiwa na kirusi ambacho hakuna aliyekijua. Baadaye kiliitwa Lujo, kwa herufi za mwanzo za miji hiyo miwili. Waliougua walikuwa watano: yeye, mhudumu wa tiba aliyemsindikiza, wauguzi wawili na msafishaji wa hospitali. Alipona muuguzi mmoja tu. Kirusi hakikuuliza nani ana shahada.

Hapo mtu anaweza kusema: basi mtaalamu ni yule asiyeambukizwa. Si kweli. Dk. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu, alikuwa miongoni mwa waliotambua mapema Ebola nchini Uganda mwaka 2000, akaongoza wodi ya kuwatenga wagonjwa, na Desemba mwaka huo akafariki kwa ugonjwa huo huo. Nani atathubutu kusema hakuwa mtaalamu? Kutougua si cheti, na kuugua si hukumu. Wapo wazembe wengi waliosalimika kwa bahati, na bahati hiyo ndiyo inayowafanya wajiite wazoefu.

Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba kusimamia hazina za Misri alitaja sifa mbili pamoja: uhifadhi na elimu. Hakuona haya kujieleza, maana maisha ya watu yalitegemea kazi hiyo. Mitihani yetu hupima zaidi ile sifa ya pili. Ya kwanza huonekana kazini, na anayeiona vizuri ni yule anayeingia chumbani baada yako, akaokota ulichokiacha.

Kwa hiyo, ndugu yangu, utakapopangiwa maabara au wodi, usitosheke kumwonyesha mkubwa wako karatasi. Mwombe anayesafisha hapo akutazame unavyovua glavu na unavyotupa sindano, na umpe ruhusa ya kukwambia "simama". Akisema, simama. Kama hilo linatuumiza nafsi, tujiulize tulitaka cheti kimlinde nani.